Vinyama vya Pua Yangu na Waliovipenda

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mke, mkaza mwana na wifi bora kuliko wote pale Kiwanjani, mtaa wetu wa Isiolo, na sababu yake ilikuwa moja tu: sikuwa nasikia harufu.

Mume wangu ni dereva wa lori la mifugo. Anaporudi kutoka Nairobi, anarudi na mbuzi wote mwilini, hata kama mbuzi wenyewe wameshauzwa. Wake wa madereva wenzake walikuwa wakiwazuia waume zao mlangoni na kuwaelekeza bafuni kwanza. Mimi nilimpokea wangu kama bwana harusi. Alikuwa akiwaambia marafiki zake kwamba amepata mke mwenye heshima. Kumbe alikuwa amepata mke mwenye pua zilizoziba.

Ziliziba polepole, ndiyo maana sikushtuka. Kwanza yalikuwa mafua yasiyoisha. Nikasema ni vumbi, maana Isiolo ukisema ni vumbi hakuna atakayekuuliza zaidi. Kisha nikaanza kulala mdomo wazi na kukoroma. Baadaye chakula kikapoteza ladha, pilau na ugali vikawa ndugu. Harufu ilipokwisha kabisa hata sikuweza kusema ni siku gani iliondoka. Ni kama mgeni aliyeaga wakati uko jikoni.

Shida ni kwamba kazi yangu inataka pua. Nauza maziwa ya ngamia sokoni pamoja na wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, ambaye tunaishi naye. Asubuhi maziwa yanafika kwa gari kutoka kwa wafugaji, yakiwa kwenye mitungi ya plastiki, na anayeyapokea lazima afungue kila kifuniko, anuse, kisha aseme: huu weka, huu rudisha. Niliendelea kunusa kwa madaha kama zamani, nimefumba macho, lakini kwa kweli nilikuwa nikimtazama wifi kwa pembe ya jicho. Akijikuna sikio, maziwa ni mabaya. Akitulia, ni mazuri. Wanawake wenzetu walisema nina pua ya fisi. Wifi alikuwa anakaribia kupasuka kwa kicheko, lakini alikunja uso na kutulia.

Siku moja alienda kwenye msiba upande wa mamake. Mitungi ikafika. Niliifungua yote, nikafumba macho, nikavuta pumzi ya maana, nikaipokea yote. Mmoja nilimpelekea mwenye hoteli ya chai ambaye ni mteja wangu wa siku nyingi. Kabla ya adhuhuri akaja sokoni na birika mkononi.

"Mama, hii maziwa yako nimeweka kwa chai, wazee wamekataa."

"Wamekataa kwa nini?"

"Wanasema inanuka mafuta taa."

"Hiyo ni moshi. Si unajua vyombo vyetu tunafukiza?"

"Moshi naijua, mama. Nimelelewa na moshi. Hii ukitia utambi inawaka."

Akanisogezea birika chini ya pua. Wanawake wote wa upande wetu walikuwa wakisubiri niseme. Nilinusa. Ilikuwa ni kama kunusa ukuta. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua, "Mbona mimi sisikii kitu?" Na hapo hapo, kutoka mita kadhaa, muuza nyanya ambaye birika lile lilikuwa limempita tu akapiga chafya na kusema, "Mafuta taa."

Mtungi ule ulikuwa umebebewa mafuta ya taa, na mfugaji aliuosha haraka haraka akidhani yatatoka. Sikumlaumu sana. Mimi ndiye niliyepaswa kuukataa.

Tangu siku hiyo kila mtu akawa daktari wangu. Mmoja alitaka nitie samli puani. Mwingine alikuwa na shina la mti fulani kutoka Merti ambalo ukivuta unga wake, alisema, kila kitu kilichojificha kichwani kinatoka chenyewe. Mama mkwe wangu, ambaye pia tunaishi naye, alisema tatizo ni kwamba natawadha harakaharaka.

"Sisi tunapandisha maji puani kwa kila udhu," alisema. "Mtu anayetawadha vizuri hawezi kuziba pua. Wewe unalowesha ncha tu kama kuku anayekunywa."

Nikaanza kutawadha kwa bidii hadi nikapaliwa msikitini mbele ya wanawake wenzangu. Hakuna kilichofunguka. Mwishowe nilienda zahanati, na kijana wa pale akamulika ndani, akamulika tena, akaita mwenzake naye amulike. Nikatumwa Meru kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Daktari huyo alikuwa mwanamke, mdogo kuliko mimi, mwenye mikono baridi. Aliingiza kimrija chenye taa, akanionyesha kwenye skrini yaliyokuwa mle ndani. Niliona vitu vyeupe, laini, vinang'aa, kama zabibu zilizomenywa. Vilikuwa vimejipanga pande zote mbili.

"Hivi ni vinyama," alisema. "Si saratani, usiogope. Ndani ya pua yako pamekuwa pakivimba kwa muda mrefu, na ngozi ikivimba bila kupumzika inaota hivi. Umewahi kuwa na pumu?"

"Utotoni."

"Mafua kila mara? Chafya?"

"Kila siku. Ni vumbi."

"Na moshi je? Unapika kwa nini? Unachoma nini ndani ya nyumba?"

Hapo nikaanza kuhesabu kichwani na nikaona aibu. Jiko la makaa. Vyombo vya maziwa ambavyo ninavifukiza mwenyewe kila jioni kwa kijinga cha mti ili maziwa yasiharibike haraka, kichwa changu kikiwa juu ya chombo. Unsi wa mama mkwe, mchanganyiko wake wa ubani, sukari na manukato ambao anautia kwenye makaa asubuhi na jioni mpaka mapazia yasionekane. Nilipomaliza kueleza, daktari aliacha kuandika na kunitazama.

"Mama, wewe umekuwa ukijikausha kama nyama."

Nilifanyiwa upasuaji nikiwa usingizini, na sitausimulia kwa sababu sikuwepo. Ninachokumbuka ni maneno aliyoniambia siku ya kutoka, na aliyasema mbele ya mume wangu ili nisiweze kuyapunguza njiani.

"Nimevitoa, lakini sijatoa kilichovileta. Ukirudi kule kule ukaishi vile vile, vitaota tena. Hata ukifanya yote, pengine vingine vitarudi, lakini utakuwa umevichelewesha sana. Kila siku osha pua kwa maji ya chumvi. Maji yachemke kwanza, yapoe, usichukue ya bomba moja kwa moja. Kisha puliza hii dawa, na unapopuliza elekeza mdomo wa chupa upande wa sikio, si katikati ya pua. Usiiache eti kwa sababu unajisikia mzima. Vumbi, jifunike. Moshi, ondoka. Na moshi wote, si wa jirani pekee."

Mume wangu aliitikia kila neno kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Njiani kurudi nilimkumbusha.

"Umesikia? Hata sigara."

"Lakini nyumbani kwetu hakuna anayevuta sigara," alisema, macho barabarani.

"Alhamdulillahi. Basi hiyo moja tumeshaimaliza."

Mtu huyu aliniahidi kabla ya ndoa kwamba ameacha. Nilimwamini, na sikuwa na kitu cha kunifanya nisimwamini.

Harufu haikurudi kwa kishindo. Kwa majuma nilipumua tu, na hilo lenyewe lilikuwa sherehe. Nililala mdomo umefungwa na mume wangu akaamka kuangalia kama niko hai. Kisha asubuhi moja nilikuwa nimeinama kumsaidia mama mkwe kuvaa viatu, na kitu kikanigonga puani. Kilikuwa kikali, cha kahawia, chenye magadi ndani yake. Nilibaki nimeinama pale nikijaribu kukitambua. Kilitoka kwenye pindo la mtandio wake.

Ugoro.

Mama mkwe wangu ni mwanamke anayeheshimika. Watu wanamwita kusuluhisha ndoa. Kwa miaka yote niliyoishi naye amekuwa akiwakemea vijana wa mtaani kwa miraa na kwa kila kitu kinachotiwa mdomoni au puani bila sababu. Nilifunga kamba ya kiatu chake, nikasimama, nikamtazama usoni. Alinitabasamia kwa upole.

"Pua inaendeleaje, mwanangu?"

"Bado, Mama," nikasema. "Tunamwachia Mungu."

Sijui ni shetani gani alinitia jibu lile, lakini nilimshukuru. Kwa sababu kuanzia hapo nilitembea ndani ya nyumba yangu kama askari kanzu. Choo chetu kiko nje, nyuma ya nyumba, na mume wangu alikuwa akikaa mle muda mrefu na simu. Nikapita. Harufu ya sigara ilikuwa imetulia ukutani kama mpangaji wa zamani. Nikagundua kwamba pipi za mnanaa alizokuwa akimumunya na kuwagawia watoto wetu kila akitoka chooni hazikuwa mapenzi ya baba.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa chupa ya manukato. Mume wangu alinipa siku ya harusi, na mimi hujipulizia siku ya Idi na harusini tu. Nikaifungua nikiwa na hamu, maana nilitaka niikumbuke harufu ile. Nikapuliza mkononi. Nikanusa. Nikapuliza tena, nikanusa tena. Nilifikiri pua imerudi kulala. Kisha wifi akapita ukumbini kwenda dukani, na harusi yangu nzima ikapita pamoja naye.

Chupa ilikuwa imejazwa maji. Idi ngapi nimekuwa nikijipulizia maji na kutembea shingo juu, sitaki kujua.

Sikusema. Nilitaka kusema, lakini starehe ya kujua ilikuwa kubwa kuliko hasira. Badala yake nikaanza kutumia maagizo ya daktari. Kama wana siri, basi wazifiche kwa jasho. Nilihamisha jiko la makaa kwenda uani, hata kwa chai. Kazi ya kufukiza vyombo nikamwachia wifi, nikamwambia afanyie huko nje, mbali na madirisha, na mimi nikakaa upande ambao moshi hauji, nimevaa barakoa kama mwizi. Kwa mume wangu nikasema, "Daktari alisema choo kisafishwe kila siku, vumbi la mle si zuri kwa pua. Nitakuwa naingia muda wowote." Aliacha kijiko hewani.

Vita kubwa ilikuwa ya unsi.

"Nyumba bila unsi ni zizi," alisema mama mkwe. "Mgeni akiingia atadhani tumehama."

"Daktari amekataza, Mama."

"Daktari ana mama mkwe?"

"Sijui."

"Muulize. Mwenye mama mkwe hawezi kusema maneno kama hayo."

Tulikubaliana, baada ya siku kadhaa za kuzungumza kupitia watoto, kwamba chetezo kitawashwa uani, nguo zitafukizwa huko, na ndizo zitakazoingiza harufu ndani. Alisema hiyo si unsi, hiyo ni habari ya unsi. Lakini alikubali.

Kilichomvutia yeye ni kuoshwa kwa pua. Kila asubuhi nilichukua maji yaliyochemka na kupoa, nikayachanganya na chumvi kama nilivyofundishwa, nikayatia kwenye chupa laini ya kubinya, nikainama juu ya beseni na mdomo wazi. Maji yanaingia tundu moja, yanazunguka huko yanakozunguka, yanatokea tundu la pili. Siku ya kwanza alidhani najizamisha na akanipiga mgongoni kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Siku zilizofuata aliketi kwenye kiti chake na kutazama kama watu wanavyotazama mpira. Mwishowe, Jumamosi moja asubuhi, tukiwa wote uani, akasema:

"Na mimi nitajaribu."

"Mama, wewe una vinyama?"

"Nina pua. Inatosha. Siku hizi imekauka, inaniwasha."

Nilijua kwa nini inamwasha. Nikatafuta chupa nyingine, mpya, maana vitu vya pua havishirikiwi, nikamtengenezea maji. Mume wangu alikuja na kiti chake. Wifi akaacha kufua. Mama mkwe akavua mtandio, akauweka magotini, akainama juu ya beseni jeupe kwa heshima zote, akabinya.

Maji yaliingia yakiwa meupe. Yakatoka yakiwa chai.

Haikuwa chai ya maziwa. Ilikuwa ya rangi, nzito, na iliendelea kutoka, ikifanya mawingu ndani ya beseni. Alipomaliza akajipangusa, akatazama chini. Sote tukatazama chini. Kuku mmoja alikuja naye akatazama.

"Hilo," alisema mama mkwe bila kutetereka, "ni vumbi la Isiolo."

"Kabisa," alisema mume wangu. "Limezidi mwaka huu."

"Barabara inayojengwa," aliongeza wifi. "Inatumaliza."

Walisema kwa uzito wa watu walio mbele ya mzee wa kijiji. Nikaona sasa basi. Nikainama karibu na beseni, nikavuta pumzi taratibu kwa zile pua zangu safi, nikafumba macho kama ninavyofanya sokoni.

"Vumbi la siku hizi," nikasema, "lina tumbaku na magadi."

Niliona jambo lile likiwaingia mmoja baada ya mwingine. Mama mkwe aliutazama mtandio magotini mwake. Mume wangu alivuta kiti chake nyuma kidogo, kisha kidogo tena, akielekea upande ambao upepo hautoki kwake kuja kwangu. Wifi aliinua kanga yake hadi shingoni na kuishikilia.

"Imerudi lini?" aliuliza mume wangu.

"Pua?"

"Ndiyo."

"Imerudi kabla ya Idi."

Alihesabu. Nilimwona akihesabu.

"Mama watoto," alianza.

"Baba watoto, mimi sijauliza kitu. Nimesema tu vumbi."

Ni mama mkwe aliyeanza kucheka. Alicheka akiwa bado ana maji puani, na hicho ni kitu ambacho daktari hakunionya juu yake, kwa sababu alipaliwa, akakohoa, ikabidi sasa mimi nimpige mgongo, na nilifanya hivyo kwa moyo. Alipopata pumzi aliniambia, "Wewe ni mtu mbaya. Majuma yote haya unatunusa umenyamaza." Nikamwambia ndiye aliyenifunza.

Tukalipana. Mume wangu alikiri na akaacha, kisha akarudia, kisha akaacha tena. Sasa ni muda amekaa bila, na nikisema amekaa bila mnaweza kuniamini. Wifi aliniletea chupa nyingine ya manukato, ndogo, na nilimwambia tutumie pamoja kwa sharti kwamba ajipulizie nje, kwa kuwa hata manukato yakizidi yananiwasha. Mama mkwe hakuacha ugoro. Alisema ana umri wa kutosha kuwa na kosa moja. Ila anaunusia upande wa lango, na hunipa ishara kwa mkono nisogee, kama anavyofanya mtu anayerudisha lori nyuma.

Niliporudi kwa daktari akamulika tena. Upande wa kushoto ni safi. Upande wa kulia palikuwa na uvimbe mdogo, akasema tuulinde usikue, niendelee na dawa kila siku, nisijifanye nimepona. Nikamuuliza kama ana mama mkwe. Akasema anaye, huko Maua, na akacheka peke yake kwa muda.

Mwaka huu tulialikwa harusi Sericho, kwa jamaa za mume wangu. Ni safari ndefu, na vumbi la njia ile halikuulizi kama umefanyiwa upasuaji. Nilijifunika uso mpaka nikafanana na mzigo. Nilibeba dawa yangu, chumvi yangu na chupa za maji yaliyochemshwa, lakini moja ilipasuka njiani, na tulipofika nilikuwa na mabaki tu. Asubuhi nikajificha nyuma ya nyumba na beseni. Nilipoinua kichwa, shangazi ya mume wangu alikuwa amesimama pale na wanawake wengine, na mbuzi pia.

"Unafanya nini na maji?"

Nikaeleza yote, vinyama, chumvi, daktari. Alisikiliza mpaka mwisho. Ni mwanamke mrefu, mkavu, ambaye amechota maji kwa punda tangu utotoni.

"Huku," alisema, "kwanza anakunywa mtoto, halafu ngamia, halafu mimi. Pua sijawahi kuiona kwenye foleni."

Wenzake walicheka na mimi nikacheka, ila kwa haya. Nilimwambia nitaacha mpaka nirudi mjini. Siku mbili tatu hazitaniua. Akaondoka na punda wake.

Kesho yake nilipoamka kulikuwa na vyombo viwili kando ya mkeka wangu, vimefunikwa. Kimoja kilikuwa kopo la plastiki. Kingine kilikuwa sufuria ndogo, bado ya uvuguvugu, yenye masizi ya kuni. Shangazi aliketi mlangoni akisuka kamba.

"Hii ya udhu," alisema, akionyesha kopo kwa kidevu. "Hii imechemka, ya pua. Usimwage ovyo. Ukimaliza, yale ya beseni mpe yule mbuzi mwenye mimba, anapenda chumvi."

"Shangazi, hayo yametoka puani."

"Mbuzi hatamwambia mtu," alisema, akaendelea kusuka.